Unga Mweusi Ndani ya Kompyuta ya Chepkemboi

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mtamba aitwaye Chesamo alisimama kimya alipopandwa na ng'ombe mwenzake, dalili kwamba yuko joto na tayari kupandishwa, katika boma la Kipkirui, juu ya soko la Boito. Saa mbili na dakika tano, Dolphine Ajwang alifika bomani humo na begi lake la vifaa. Saa nne kasorobo, kompyuta aliyokuja kuiboresha ilikuwa imezima, na haikuonyesha dalili ya kuwaka tena. Muda wa mwisho ulikuwa saa kumi na mbili jioni.

Saa hizi zote zimo katika daftari la Dolphine, kwa kalamu ya bluu. Tabia ya kuandika saa aliipata kwa baba yake, Omollo, aliyetoka upande wa ziwa akiwa kijana na kufanya kazi miaka ishirini na sita kwenye bwela la kiwanda cha chai. Kila nusu saa Omollo aliandika kipimo cha mvuke ubaoni, hata siku ambayo hakuna mkubwa aliyepita kukisoma. Aliporudi nyumbani katika kambi ya wafanyakazi alikuwa na neno moja kwa wanawe: "Mashine usiiguse kabla hujaisikiliza." Watoto wengine walilicheka. Dolphine alilibeba hadi chuo cha ufundi, akalibeba tena hadi kwenye kibanda chake cha Boito, kati ya duka la dawa za mifugo na fundi wa simu. Ni msichana wa maneno machache. Wateja wengine hudhani anaringa, kumbe anasikiliza.

Siku ile ya Mei alisahau neno la baba yake kwa muda wa dakika nne hivi.

Kazi yenyewe ilikuwa imepangwa tangu juma lililotangulia. Kompyuta ilikuwa ya zamani, ya mezani, yenye memori ya gigabaiti moja tu na diski iliyoanza kugonga ndani kama saa mbovu. Dolphine alikuwa ameleta vibao viwili vipya vya memori, gigabaiti nne kila kimoja, na diski mpya ya aina isiyozunguka, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha. Alikadiria saa mbili na nusu, akaandika hivyo.

Mwenye kompyuta alikuwa Chepkemboi, mke wa Kipkirui. Zamani alikuwa karani wa kikundi cha maziwa cha kilima kile. Kikundi kilipovunjika, wanachama waligawana mikebe na mizani. Yeye akaomba kompyuta, na hakuna aliyemgombania. Tangu hapo aliendelea na kazi ambayo hakuna aliyemtuma: daftari la ukoo wa ng'ombe wa nyumba arobaini. Kila ndama aliyezaliwa alipata mstari wake. Jina, siku, mama, baba, babu wa pande zote mbili, na picha iliyopigwa ubavuni ili madoa yaonekane. Picha hizo ndizo zilizolifanya daftari kuwa zito kupita nguvu za mashine.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma, wakati yeye amelazwa hospitalini, ng'ombe wake mmoja alipandishwa kwa kukisia, kwa mbegu ya dume ambaye baadaye ilijulikana kuwa baba yake mwenyewe. Ndama alizaliwa na miguu ya mbele imejikunja, akaishi siku mbili. Chepkemboi alimzika mwenyewe nyuma ya zizi. Tangu siku ile aliapa kwamba hakuna ng'ombe wa boma lake atakayepandishwa kwa kukisia.

Sasa Chesamo alikuwa amepandishwa mara mbili, kwa dume wa mbali ambaye mbegu yake ilikuwa imekwisha, na mimba haikushika. Kipkirui, mwanamume asiyependa kurudia jambo, alikuwa ametangaza mezani kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Mchinjaji wa Boito angepita Alhamisi. Kama mtamba angekosa nafasi ya leo, angeondoka naye.

"Ng'ombe hana kalenda ya fundi," Chepkemboi alimwambia Dolphine asubuhi ile, akiondoa kitambaa cha kusuka kilichofunika kompyuta. "Nilikuita uje leo kwa kazi yako, na yeye ameamua leo kwa kazi yake. Nimejaribu kufungua daftari tangu saa kumi na mbili na nusu. Inafika nusu, inasimama. Naona mkia wa ng'ombe wa jirani Chepyegon, basi."

"Kiplimo anakuja saa ngapi, mama?"

"Dakitari wa ng'ombe anakuja jioni. Aliyeonekana asubuhi hupandishwa jioni. Ikipita saa kumi na mbili, si ahadi tena, ni bahati."

Dolphine aliwasha mashine na kuangalia saa yake. Ilichukua dakika kumi na moja na sekunde arobaini kufika kwenye picha ya kwanza. Alipofungua daftari, diski iligonga mara tatu, mshale ukaganda. Alingoja robo saa nzima. Kisha akaeleza kwa ufupi: angeongeza memori kwanza, halafu angenakili diski nzima kwenye ile mpya, na daftari lingefunguka bila shida. Kabla ya saa tano wangekuwa wamemjua baba wa Chesamo na babu zake wote.

"Kama ni hivyo, nipike chai," Chepkemboi akasema.

Dolphine akazima, akachomoa waya wa umeme, akaondoa ubavu wa kasha. Ubavu ule haukuwa na skrubu hata moja. Ndani kulikuwa na vumbi, ingawa si jingi kama alivyotarajia kwa mashine ya umri ule. Hapo ndipo aliposahau. Hakuuliza kwa nini vumbi ni kidogo. Hakuchungulia sloti ya pili, ule mwanya wa kupachikia kibao cha memori uliokuwa mtupu miaka yote. Alitoa pampu yake ndogo ya mpira wa miguu, akapuliza kila kona kwa dakika nne, wingu jeusi likapanda na kutua. Akafuta mikono. Akapachika vibao viwili vipya, akasikia kila kimoja kikibana kwa mlio wake, akarudisha umeme, akawasha.

Mashine ililia mlio mrefu. Ikapumzika. Ikalia tena. Kioo kikabaki cheusi.

Aliijua lugha hiyo. Mlio mrefu unaojirudia maana yake ni kwamba kompyuta haioni memori. Akatoa kibao kimoja, akajaribu. Ikalia. Akabadilisha. Ikalia. Mwishowe akakirudisha kibao cha zamani, kile cha gigabaiti moja, mahali pale pale kilipokuwa kimekaa tangu siku za kikundi cha maziwa.

Ikalia.

Kipkirui alikuwa mlangoni, amevaa gambuti na koti la mvua. "Naisikia kutoka kwa zizi," akasema. "Nimedhani ni ndama."

"Bado naangalia, mzee," Dolphine akajibu.

"Saa mbili ilikuwa mgonjwa anayetembea. Sasa imekuwa maiti inayolia." Akamgeukia mkewe aliyeingia na birika. "Mama Moureen, hii ndiyo dawa umeleta? Si mimi nilisema tuwache hiyo sanduku ilale?"

"Nenda ukate nyasi, Kipkirui," Chepkemboi akasema bila kupandisha sauti. "Fundi hafanyi kazi na mtu amesimama juu ya kichwa chake."

Kipkirui akaenda, lakini kabla ya kupotea alisema, "Alhamisi si mbali." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Chepkemboi akamimina chai vikombe viwili. Kimoja akamsogezea Dolphine. Hakumlaumu Dolphine, na kutolaumiwa kule kulimuuma Dolphine kuliko maneno ya mzee. Alijua kwamba asubuhi mashine ilikuwa ikiwaka, vibaya lakini ikiwaka, na kwamba tangu hapo hakuna mkono mwingine ulioigusa ila wake. Akaandika: *Saa nne kasorobo. Imekufa. Nilipuliza kabla ya kuangalia.* Akalifunga daftari, akaweka mikono mapajani, akaitazama mashine iliyo wazi kwa muda ambao Chepkemboi alimaliza kikombe kizima.

Ndipo udadisi ulipoanza kuisukuma hofu kando.

Alikitoa kibao cha zamani na kukielekeza dirishani. Kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu kulikuwa na chembe nyeusi ambazo hazikuwepo alipokitoa mara ya kwanza. Akazigusa kwa kidole. Vumbi la nyumba ni la kijivu, hushikana kama pamba. Hili lilikuwa jeusi la kukaribia bluu, lilimetameta, na lilipopakwa karatasini liliacha mstari kama wa penseli. Akainusa ncha ya kidole. Harufu ilikuwa ya moshi mtamu, ya kitu anachokijua bila kukumbuka jina lake.

"Mama, mnapika kwa kuni?"

"Kuni na gesi. Lakini jikoni ni kule nje, moshi haufiki hapa."

"Naomba masizi kidogo ya jikoni."

Chepkemboi alimtazama kama anayesikia vibaya. "Ya nini?"

"Nataka kuyauliza swali."

Walikwenda pamoja. Dolphine alikwangua masizi ya ukutani juu ya mafiga, akayaweka kwenye karatasi. Akarudi mezani, akatoa mita yake ya kupimia umeme, akachomeka ncha zake mbili kwenye masizi, karibu karibu. Mita haikusema kitu. Masizi hayo hayakupitisha umeme. Kisha akakusanya kwa brashi ya rangi ule unga mweusi uliotua sakafuni mwa kasha, fungu dogo kama chumvi ya yai moja, akachomeka ncha zile zile. Namba zikacheza, zikashuka, zikatulia.

"Huu unapitisha umeme," akasema polepole. "Meno ya memori yamepangwa karibu sana, mama. Unga huu ukiingia katikati yake, umeme unavuka mahali ambapo hautakiwi. Kompyuta inachanganyikiwa. Sasa sijui ni unga wa nini. Na sijui uliingiaje, maana naona umejaa ndani ya ile sloti iliyokuwa tupu, kana kwamba umesukumwa."

Chepkemboi akainama, akautazama ule unga. Kisha akainuka, akatoka. Dolphine akamfuata kwa macho kupitia mlango wa nyuma. Karibu na jiko kulikuwa na uchanja, na juu ya uchanja vibuyu sita vya mursik, maziwa ya kuchachusha, vilikuwa vimepinduliwa midomo chini, vikikauka kwenye upepo wenye ukungu. Chepkemboi alikuwa amesimama mbele ya vibuyu hivyo, mgongo kwa nyumba. Aliporudi alikuwa ameshika kijiti kirefu cha ukindu, ncha yake imepondwa ikawa laini kama brashi. Ncha ilikuwa nyeusi.

"Hii tunasugulia kibuyu ndani," akasema. "Unachoma kijiti cha ule mti wa senetwet mpaka kinakuwa kaa lenye moto, unakitia ndani, unasaga na hii mpaka kibuyu kinakuwa cheusi kote. Ndiyo maana mursik ina ile rangi na haiharibiki."

Dolphine akakipokea, akainusa ncha. Harufu ilikuwa ile ile. Mara moja akakumbuka: harusi moja kambini, alipokuwa na miaka tisa, jirani Mkipsigis alimpa kikombe cha mursik, akakinywa chote kwa adabu huku machozi yakimtoka kwa ukali wake.

"Na kompyuta, mama?"

"Kila Jumamosi nasugua vibuyu," Chepkemboi akasema. "Nikimaliza, nafungua ile ubavu, napitisha hii ndani. Naikung'uta kwanza! Lakini ni laini, ni ndefu, inafika kila mahali. Mimi nilijiambia, chombo cha kuweka kitu lazima kisuguliwe. Kumbe nilikuwa naiwekea kaa." Akaketi. "Miaka kumi na mbili, fundi. Kila Jumamosi. Ni mimi nimeiua."

Mtu mwingine pengine angeshusha pumzi kwa kuwa kosa limepata mwenyewe. Dolphine alilitafakari jambo lile kama anavyolitafakari kila kitu, kwa mpangilio, kisha akasema, "Si wewe pekee. Unga uliuweka wewe, lakini ulikuwa umelala kwenye sloti tupu na chini ya kasha, haukumdhuru mtu miaka kumi na mbili. Mimi ndiye niliyeuamsha kwa pampu. Na pia, mama, hii ndiyo kompyuta kuukuu yenye vumbi kidogo kuliko zote nilizofungua."

Chepkemboi akacheka, cheko fupi la mtu aliyetaka kulia. "Sasa itapona?"

"Ikioshwa, nadhani. Naweza kuyasugua meno ya vibao kwa raba. Lakini sloti zenyewe zinataka spiriti safi, inayokauka bila kuacha maji. Chupa yangu iliisha Ijumaa. Niliandika ninunue, sikununua."

Wakatazamana, na wote wawili wakamfikiria mtu mmoja.

Saa sita na nusu Chepkemboi alimpigia simu Kiplimo, mpandishaji ng'ombe. Alikuwa upande wa Mogogosiek na mvua ilikuwa imeanza. Sauti yake ilisikika hadi kwa Dolphine: "Spiriti ninayo, lakini ni ya ng'ombe, mama! Hiyo kompyuta yenu iko joto pia?"

"Wewe njoo, Kiplimo. Na usichelewe kwa mdomo."

Alichelewa kwa matope. Kati ya simu ile na kufika kwake, Dolphine alifanya yale yaliyowezekana. Alifungua ubao mkuu, ule unaobeba sloti, kutoka kwenye kasha, akaupindua, akaukung'uta, akaupangusa kila pembe kwa brashi kavu bila kupuliza hata mara moja. Alisugua meno ya vibao vitatu kwa raba mpaka yakang'aa. Alikata vipande vyembamba vya kadi ngumu na kuvizungushia kitambaa cha miwani, tayari kwa kuingia ndani ya sloti. Alipomaliza hakuwa na la kufanya. Akamwomba Chepkemboi amwonyeshe jinsi senetwet inavyochomwa, akauliza maswali kumi na moja. Kwa nini mti huo na si mwingine? Kwa nini kaa lazima liwe jekundu? Je, likichomwa kwa moto mdogo, linakuwa na rangi ile ile? Alichukua kaa lililochomwa vibaya na lililochomwa vizuri, akayapima yote mawili kwa mita. La moto mdogo halikupitisha umeme. La moto mkali lilipitisha.

"Kwa hivyo kama ningekuwa mvivu wa kuchoma, kompyuta ingekuwa salama," Chepkemboi akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini mursik ingekuwa mbaya."

"Afadhali kompyuta iugue."

Saa tisa na dakika ishirini pikipiki ya Kiplimo iliunguruma langoni. Alikuwa kijana mrefu, ameloa hadi magotini, na mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mpira kama abiria wa heshima. Akaitazama meza: ubao umelala wazi, nyaya kushoto, makaa kulia, vibuyu viwili katikati.

"Hapa kunafanywa upasuaji ama kunapikwa?" akauliza. Akampa Dolphine chupa ya spiriti, pamba, na mrija mwembamba wa plastiki ambao haujatumika. "Huu mrija utakusaidia kufikisha tone mahali padogo. Hiyo ndiyo kazi yangu, kufikisha tone mahali padogo."

Dolphine hakucheka, lakini aliupokea mrija kwa mikono miwili.

Aliosha kila sloti mara tatu. Tone la spiriti, kadi ndani na nje, kitambaa kikatoka cheusi. Tone la pili, kikatoka kijivu. La tatu, cheupe. Akaacha ubao ukauke nusu saa kamili, ingawa Kipkirui, aliyekuwa amerudi na mzigo wa nyasi, alizunguka nyumba mara nne.

"Kiplimo," mzee akasema hatimaye, "wewe una mbegu gani hapo?"

"Madume wawili tu, mzee. Jenerali na Safari. Kila mtu anataka Jenerali, na ndiye ningeweka. Mabinti zake wanajaza ndoo."

"Basi weka Jenerali sasa uende nyumbani. Mvua inarudi. Tunangoja kompyuta itupatie ruhusa?"

Chepkemboi alitoka, akasimama mlangoni mwa zizi. Hakuwa mtu mkubwa, lakini mlango ulijaa. "Mama yake Chesamo tulimtoa kwa marehemu Chepkurui, tukiwa na karatasi. Niliandika ukoo wake kwa hiyo mashine, karatasi ikaliwa na panya. Sijui tena babu yake ni nani. Wewe unajua, Kipkirui?"

"Sijui."

"Kiplimo, unajua?"

"Sijui, mama. Wakati huo sikuwa kazini."

"Basi tutangoja mwenye kujua."

Saa kumi na dakika thelathini na nane, Dolphine alirudisha ubao, akapachika vibao vipya viwili, akawasha. Mlio mmoja mfupi. Kioo kikawaka, na kwenye pembe ikasomeka gigabaiti nane. Aliruhusu tabasamu la sekunde moja. Kisha diski ya zamani ikagonga: *ko, ko, ko*, mara sita, na tabasamu likaondoka.

"Fungua daftari tuone," Kipkirui akasema, sasa akiwa amekaribia meza bila kujitambua.

Dolphine hakufungua. Alimgeukia Chepkemboi. "Mama, diski hii inakufa. Nikifungua daftari sasa, pengine tutaona mstari wa Chesamo, na pengine itakufa ikiwa katikati, na mistari mingine yote itakwenda nayo. Nikianza kunakili kwanza, itanichukua chini ya saa moja, lakini ikifa njiani hatutaona hata wa Chesamo. Siwezi kukuahidi njia yoyote. Ni daftari lako."

Chepkemboi alivitazama vibuyu vyake mezani. "Kibuyu kikianza kuvuja na kuna wageni," akasema, "mtu hamimini kikombe kimoja kimoja. Anahamisha maziwa yote. Nakili."

"Na mtamba?" Kipkirui akauliza.

"Ng'ombe wa watu arobaini wako humo ndani. Mtamba ni wangu. Nakili, fundi."

Saa kumi na dakika arobaini na nne, kunakili kulianza. Hakuna aliyeondoka. Watu wanne walikaa kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa wakitazama namba moja ikipanda, kama watu wanaofuata hesabu ya kura. Mvua ilianza kupiga mabati, na Chepkemboi akaomba kwa sauti ndogo stima isipotee. Haikupotea. Asilimia ishirini. Asilimia sitini. Kwenye tisini na tatu, diski iligonga na namba ikasimama.

Kipkirui alifungua mdomo. Mkewe akamwekea mkono gotini, naye akaufunga.

Dolphine hakugusa kitu. Aliinamisha sikio kwenye kasha, karibu kabisa, kama baba yake alivyoinamia bwela. Nyuma ya kule kugonga alisikia mvumo mwembamba wa diski ikiendelea kuzunguka. "Bado inatafuta," akanong'ona. "Tuiache." Dakika nne zilipita, ndefu kama zile nne za asubuhi. Kisha tisini na nne.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na saba, namba ilifika mia. Dolphine alizima, akaiondoa diski ya zamani, akaiweka mpya mahali pake, akawasha na kuangalia saa. Sekunde ishirini na nne. Kiplimo akapiga mluzi. Daftari likafunguka mara moja, na ng'ombe wakatiririka kiooni, madoa kwa madoa, mistari mia mbili na kumi na mbili. Chepkemboi akawa anawataja kwa majina kama mtu anayesalimia ibadani, hadi mstari wa mia moja themanini na saba.

"Chesamo," akasoma. "Mama yake, Chelel wa Chepkurui. Baba wa Chelel..." Akasita. Akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha. "Baba wa Chelel, Jenerali."

Kiplimo, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifuniko cha mtungi, aliutazama mtungi. Kipkirui aliketi chini taratibu.

"Babu yake mwenyewe," mzee akasema baadaye. "Na mimi ndiye nilisema uweke."

"Na mimi ndiye ningeweka," Kiplimo akajibu. "Safari basi. Huyu hayumo popote kwenye mstari wake."

Walitoka wote kwenye manyunyu. Saa kumi na moja na dakika hamsini na nane, Kiplimo alimaliza kazi yake na kumpiga Chesamo kofi dogo la mgongo. Dolphine aliiandika saa hiyo, ingawa haikuwa ya kompyuta. Alipokuwa akifunga begi, Chepkemboi alimletea chupa ya mursik na skrubu mbili alizozitoa kwenye cherehani mbovu, ili ubavu wa kasha ufungwe usifunguliwe tena Jumamosi.

"Alhamisi mchinjaji akija," Kipkirui alisema kutoka kwenye giza la zizi, bila kumlenga mtu, "mwambieni sipo."

Tarehe 14 Mei 2025, Jumatano, Dolphine alipita katika boma hilo kukagua mashine. Iliwaka kwa sekunde ishirini na tano. Mstari wa mia mbili na ishirini na sita ulisomeka hivi: ndama jike, mama Chesamo, baba Safari, alizaliwa tarehe 21 Februari, saa kumi na dakika tano alfajiri, miguu yote minne imenyooka.